Kipele cha Lusina

Ukikata matawi ya mti wa lusina alfajiri, umande haujakauka, ukayafunga mzigo kwa kamba ya mgomba na kuyabeba kichwani, harufu yake hukushukia puani njia nzima. Ni harufu ya ubichi wenye ukali kidogo, kama maganda ya maharage mabichi yaliyopondwa pamoja na punje ya kitunguu saumu. Ichanganye hiyo na moshi wa kuni unaogoma kupanda kwa sababu ya ukungu, uongeze mkojo wa sungura uliokolea kwenye mabanzi ya banda, na hapo umenipata mimi mzima mzima: mtoto wa mteremko mmoja upande wa Mlalo, miguu peku, kaptula yenye viraka viwili nyuma kama miwani. Leo harufu hiyo ikinipitia, mwili wote unasisimka, na wala si kwa huzuni. Nasisimka kwa raha, kama mtu aliyesikia ngoma ya kwao ikipigwa mtaa wa pili. Masika yale ndiyo yaliyonifanya mtu.

Naitwa Athumani. Ndiyo, najua, Mungu si Athumani. Nimeambiwa hivyo tangu nilipoanza kutambaa, na kila aliyeniambia alidhani yeye ndiye wa kwanza kuligundua. Shule niliiacha darasa la tano, tukaagana kwa amani, yeye na njia yake na mimi na yangu. Lakini nendeni mkaulize. Kitalu changu cha miche kinaanzia barabarani kinashuka mpaka mtoni. Malori yanatoka Tanga, yanatoka Moshi, yanapanda kona zote zile za Soni yakija kwangu mimi. Nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nikaezeka bati la rangi, nikatandaza vigae sebuleni ambavyo wageni huvivulia viatu bila kuambiwa. Sikurithi, sikuiba, sikubebwa mgongoni na mtu. Vyote hivyo vilianzia kwenye ukucha wa kidole gumba cha mkono huu wa kulia, na kwenye kipele kidogo ambacho watu wote wa mteremko wetu walikuwa wakikipita kila siku bila kukiona. Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha. Mimi kucha nilikuwa nazo.

Asiyeijua milima yetu ajue kwanza kwamba mashamba ya huku yamesimama. Unalima huku umeuegemea mlima kama unayeegemea ukuta, na mvua ikizidi, shamba lako unalifuata bondeni kwa jirani. Ndiyo maana zamani, nikiwa bado nabebwa mgongoni, walikuja watu wa mradi wakawafundisha wazazi wetu kukata matuta ya ngazi na kupanda miti kwenye kingo zake, mizizi ishike udongo na majani yalishe mifugo. Mradi ukaisha, magari yakaondoka, miti ikabaki. Jina nalo likabaki. Kila mti wenye majani ya unyoya uliosimama kwenye kingo za matuta uliitwa mradi. "Kakate mradi ulishe mbuzi." "Mwambie mama yako mradi wenu umevuka mpaka." Hata fimbo ya kunichapia ilikuwa ya mradi. Tulikuwa na neno moja kwa mti wowote ule wa tuta, na hakuna aliyeona kasoro, kama vile mtu asivyoona kasoro kuwaita kuku wake wote kuku.

Juu ya matuta yetu, ukipanda kimo cha mtu mzima kutoka tuta letu la mwisho, aliishi Bibi Sauda. Marehemu mumewe alikuwa baba mdogo wa baba yangu, kwa hiyo kwangu alikuwa bibi, na kwa ule utani wa bibi na mjukuu aliniita mume wangu. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti isiyolingana kabisa na mwili. Akisimama ukingoni asubuhi aliita mpaka ng'ambo ya bonde wakasikia: "Mume wangu! Tangu juzi hujaniletea hata ukuni mmoja, unataka nidai talaka?" Nami, mtoto wa darasa la nne, nikajibu kwa kujivuna: "Subiri nimalize uji, mke wangu!" Watu wa mashambani walicheka mpaka wakaegemea majembe. Ndiye aliyenipa sungura wangu wa kwanza, jike wa kijivu mwenye mimba, akanikabidhi ndani ya tenga akisema, "Mahari nimelipa mimi. Usije ukaniambia nilikuja mikono mitupu." Banda nilijenga mwenyewe kwa mabanzi niliyookota kwa wapasua mbao. Sungura wakazaa, wakazaliana, nikawa na vyumba vya sungura kuliko sisi wenyewe tulivyokuwa na vyumba vya kulala. Watoto wenzangu walikuwa na manati; mimi nilikuwa na mifugo.

Basi siku moja Bibi Sauda akashuka kuomba chumvi, akapitia bandani. Akainama, akapiga makofi. "Lo! Athumani! Manyoya gani haya? Tangu nizaliwe sijaona sungura wanang'aa namna hii!" Akaendelea kusifu mpaka jikoni, akapewa chumvi yake, akaondoka akicheka. Hakusema mashaallah. Shangazi Mwantumu, dada yake baba, aliyekuwa akiishi nasi tangu aachike, alikuwa uani akipepeta maharage. Ungo wake ukasimama hewani. Alimsindikiza Bibi Sauda kwa macho mpaka alipopotelea juu, kisha akasema, kama anayesema na maharage: "Tutaona."

Kweli tukaona. Masika yalikuwa yameshika, matete ya bondeni yalikuwa yamezama, na mimi nilikuwa nawakatia sungura mradi mtupu, asubuhi na jioni, kutoka tuta letu la chini lililoelekea jua. Asubuhi moja nikakuta manyoya kwenye sakafu ya banda kama pamba iliyochambuliwa. Nikafurahi, kwa sababu jike akikaribia kuzaa hujinyonyoa kifuani atandike kiota. Lakini dume naye alikuwa akinyonyoka, na dume hazai. Kabla ukungu wa wiki ile haujaondoka, migongo ilikuwa imebaki ngozi ya waridi kama vichwa vya watoto waliotoka kunyolewa. Wakikaa kwenye kona wanatetemeka, masikio yameinama, unashindwa kujua ucheke au ulie. Mimi nililia. Na juu kule, kwenye banda la Bibi Sauda, sungura wa tumbo lilelile waling'aa kama waliopakwa mafuta.

"Wa kwake wanang'aa, wa kwetu uchi," Shangazi akasema siku hiyo wakati wa chakula. "Mnangoja ushahidi gani? Mpaka atunyonyoe na sisi?" Mama alikuwa mtu wa huruma, lakini hofu humla hata mwenye huruma. Kulikuwa na sahani ya Bibi Sauda kwetu, ya bati, yenye maua mekundu, ambayo alikuwa ameletea maboga ya kuchemsha. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama ndani utatia viazi viwili au chumvi ya kufunga kwenye karatasi. Mama aliiosha, akaikausha, akamtuma dada yangu airudishe hivyohivyo. Nilimwona Bibi Sauda akiipokea mlangoni pake. Aliigeuza upande mmoja, akaigeuza wa pili, akatazama chini kwetu. Akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu siku ile hakuniita tena mume wangu.

Maneno hayana breki kwenye mteremko. Yakafika kwa wazee wa ukoo, wakakaa, wakaona njia ya heshima ni mama huyu arudi kwao akapumzike. Kwao kulikuwa Mnazi, kule chini nyikani, kwa kaka yake. Mtu wa kusoma ramani atasema Mnazi ni wilaya hiihii ya Lushoto. Lakini mchukue mtu aliyeishi ujana na uzee wake akijifunika blanketi mbili, umpeleke kwenye joto la nyika, kwenye mbu na maji ya chumvi, mbali na kaburi la mumewe, kisha umwambie amepumzika. Nilikuwa mdogo, lakini nililielewa lile: walikuwa wakimfukuza Bibi Sauda kwa sababu ya sungura wangu. Kaka yake akapelekewa habari aje baada ya Idi. Ramadhani ilikuwa ndiyo kwanza imeandama.

Katikati ya hayo akaja bwana shamba wetu, Bwana Mhina, kwa pikipiki iliyosikika tangu bondeni. Alikuja kukagua makingamaji ya baba, na baba hakuwapo, akanikuta mimi nimekaa mbele ya banda.

"Shikamoo, bwana shamba."

"Marahaba, mgosi," akaniita kama Wasambaa wanavyomwita mwanamume mzima. "Lo, hawa umewachemsha?"

"Wamepigwa jicho."

"Ala! Na kabla ya kupigwa jicho walikuwa wanakula nini?"

"Mradi."

"Mradi gani?"

"Mradi tu."

"Mradi gani, mgosi?"

"Si huu wa tutani! Mradi wa mradi!"

Alicheka mpaka akashika tangi la pikipiki asidondoke nayo. Mimi nikanuna. Akashuka, akaenda akavunja tawi kwenye tuta letu, kisha akapanda akaomba jingine kwa Bibi Sauda, akarudi akayalaza yote mawili juu ya paa la banda. "Tazama," akasema. Nikatazama. Nikaona mradi na mradi. Akasema, "Jani ni lipi hapa?" Nikaonyesha kimojawapo cha vile vidogo. Akatikisa kichwa. Akashika unyoya mzima tangu ulipoungana na tawi, akasema hili lote ndilo jani, jani moja tu, na hivi vidogo ni vijani vyake, kama watoto wanaokula sahani moja. Jamani! Niliishi na miti ile maisha yangu yote, nikawa nawakatia majani mbuzi na sungura, kumbe jani lenyewe sijawahi kulijua linaanzia wapi!

Akaniambia miti hii miwili ni ndugu wa ukoo wa maharage, pamoja na mbaazi, kunde, mshai wa msituni na hata upupu unaotuwasha. Ukitaka kuujua ukoo huu, tazama ganda lake la mbegu. Lakini maganda yana msimu, na ng'ombe hasubiri msimu. Jani liko kila siku, kwa hiyo mtu mwenye akili hujifunza kusoma jani. Kisha akatoa mfukoni kioo kidogo cha kukuzia kilichofungwa kamba ya kiatu, akanishika kidole gumba akakipitisha kwenye kikonyo, kile kijiti kinachobeba vijani vyote. "Wa kwenu huu. Unasikia nini?" Nikasikia kitu. Pale vikonyo vidogo vya kwanza vinapoachana kulikuwa na kipele. Nikaweka jicho kwenye kioo. Kilikuwa kama kibakuli, kimechongwa vizuri, kina ukingo, na ndani yake kinang'aa tone lisilotosha hata kumnywesha siafu. "Huyu ni lusina. Sasa wa kwa bibi yako." Nikapitisha gumba toka chini mpaka juu, nikarudia. Laini. Hakuna kitu. "Huyo ni kaliandra," akasema Bwana Mhina. "Lusina ana sumu ya kunyonyoa manyoya. Mbuzi anacheua, na baba yako anamchanganyia na majani mengine, hana shida. Sungura ukimlisha huyu mtupu, lazima umvue nguo." Halafu akanipa maneno ambayo nimeyauza miaka yote: "Wagawe. Jike mpe wa juu, dume mwache na wa kwenu. Usibishane na mtu. Sungura watakusemea."

Akaniachia kile kioo mpaka atakaporudi. Sijui kama alijua alichokifanya. Nilikuwa kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba zote za kijiji! Nilipanda, nilishuka, nilikagua kila kikonyo kilichonipita. Mshai wa juu ya chemchemi nikamkuta naye ana kipele chake, lakini kiko chini karibu na tawi, na kila kijani chake kina mshipa uliokwenda mshazari toka kona hadi kona, kama mtu aliyevaa shuka begani. Muwati, ule wa kuni na wa magome ya kutengenezea ngozi, ana vipele vingi vilivyojipanga mstari mgongoni kama vifungo vya kanzu. Maharage ya mama nikayakuta yana vijani vitatu, kila kimoja kimevimba shingoni kama kina goti, na jua likizama goti lile hukunjwa na jani linalala. Upupu ana vijani vitatu vilevile, lakini vile vya pembeni vimekwenda upande, kama kofia ya mlevi. Mjakaranda uliopandwa penye kanisa la Walutheri, ambao nilidhani nao ni mradi mkubwa, nikaukuta hauna goti, hauna kipele, na jioni ukoo wote wa maharage ukishalala, wenyewe uko macho. Nikajua huyu si ndugu, kavaa sare tu. Nilirudi nyumbani nimeivunja saumu kwa kutafuna jani bila kujua, na Shangazi akasema, "Huyu naye ameshaharibika."

Kazi ikawa kuupata huo wa juu. Nilikuwa nimekatazwa kukanyaga kwa Bibi Sauda. Alfajiri iliyofuata nilisimama chini ya ukingo wake nikaita kwa kunong'ona, "Mke wangu! Mke wangu!" Kichwa chake kikatokea juu, kimefungwa khanga. Nikamwambia, "Nataka mradi wa kwako. Usiniulize." Nikasikia panga likilia kwenye matawi, na majani yakaanza kuniangukia kichwani pamoja na umande wake. "Sikukupa," akasema kutoka juu. "Upepo umeangusha." Na kila alfajiri ya Ramadhani ile upepo uliangusha, hata siku ambazo ukungu ulikuwa umesimama kama ukuta na jani halitikisiki.

Jike na wanawe nikawalisha kaliandra, dume peke yake nikamwachia lusina, nikiomba msamaha kila nikimtupia. Nilimweleza baba. Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache, akasema, "Bwana shamba anajua mahindi. Mambo ya watu waachie watu." Lakini niliona siku ya pili yake akipita bandani peke yake, akachutama. Mgongoni mwa jike kulikuwa kumeanza kitu kama vumbi. Nikaligusa kila siku kwa mgongo wa kidole, kwa woga, kama anayegusa chungu cha moto. Vumbi likawa ukungu, ukungu ukawa manyoya mafupi ya kijivu. Idi ilipofika jike alikuwa amevaa. Dume alikuwa uchi.

Kaka yake Bibi Sauda akaja keshokutwa ya Idi kwa gari la mbogamboga lililokuwa likirudi kupakia kabeji, mzee mnene aliyejifunga koti mbili na bado anatetemeka. Wazee wakakaa uani kwetu kwenye mabenchi, pamoja na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Shekimweri, mtu mwenye kofia nzuri ya kushonwa kwa mkono aliyoitunza kuliko shamba. Chai ya tangawizi ikapita. Juu kule, mlangoni pa Bibi Sauda, tulikuwa tunaona furushi moja na mkeka uliokunjwa. Yeye mwenyewe ameketi kando yake, amegeukia kaburi la mumewe. Nikachukua jike mkono huu na dume mkono huu, nikaenda katikati. Ulimi wangu haujawahi kuniangusha. Nikasema yote, kipele, kioo, kaliandra, lusina.

"Msimsikilize," Shangazi akasema kutoka mlangoni pa jiko. "Jicho limelegea kwa sababu ameshajua anaondoka."

"Basi mbona dume halijamlegea?" nikamuuliza.

"Mtoto wewe, usinijibu! Mbona mbuzi wanakula mradi huohuo na hawanyonyoki?"

"Mbuzi anacheua, Shangazi. Na si mradi huohuo."

"Mradi ni mradi!"

"Nifungeni macho," nikasema. Sijui neno lile lilitoka wapi. Lilitoka tu, na nikalipenda. "Nifungeni macho, mkavunje majani huku na huku, myachanganye. Nikikosea hata moja, nichapeni, na Bibi aende."

Watu wakaguna. Baba akainua kichwa. Mzee Shekimweri akanitazama, akacheka kwa pua, akavua kofia yake, ile kofia, akanivika na kuivuta mpaka ikafunika macho. Ilinuka udi na jasho. Nikasikia vijana wakikimbilia matutani, nikasikia matawi yakivunjika, wakarudi wakihema. Jani la kwanza likatua kiganjani. Nikapitisha ukucha. "Lusina. Wetu." La pili. "Kaliandra. La kwa Bibi." La tatu, la nne, nikawa nayataja kama mtu anayeita majina ya wadogo zake, na kila nikitaja nasikia "Eee!" ikipanda. Kisha jani moja likawekwa kiganjani taratibu, kwa mkono wenye harufu ya kitunguu. Nikapitisha ukucha. Trrrr. "Huu wala si wa tutani," nikasema. "Huu muwati. Una vifungo vya kanzu. Na aliyeuleta ni Shangazi."

Uani palilipuka. Mzee mmoja alimwaga chai yake. Nilipovua kofia nilimwona Shangazi amejiziba mdomo kwa khanga, na mabega yake yanacheka kabla uso haujaamua. Na hapo likatokea jambo ambalo nikilikumbuka hata leo nacheka peke yangu barabarani: wazee wote wakainuka. Wakaenda kwenye kingo za matuta, wakavunja majani, wakawa wanayapapasa kwa vidole gumba, wamefumba macho, wanabishana. "Hili lina kipele!" "Hicho si kipele, ni sugu la kidole chako!" Balozi akapapasa la kwetu, akapapasa la juu, akarudia. Kisha akasema taratibu, bila kofia, kipara chake kikilowa manyunyu: "Jicho gani hilo linalochagua sungura mmoja likamwacha aliye kando yake? Kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kilikuwa tutani mwetu, tena tumekipanda wenyewe."

Baba alipanda juu kwa Bibi Sauda, akachukua furushi, akaliingiza ndani. Akarudi akachukua mkeka. Kaka mtu, amesimama na koti zake mbili, akauliza, "Sasa mimi nimekuja kubeba nini?" Na ile sauti, iliyokuwa imekaa kimya Ramadhani nzima, ikamwagika bonde zima: "Beba sungura! Mume wangu atakuchagulia!" Nikamchagulia wawili, wa manyoya mazuri. Jioni Shangazi Mwantumu alipanda kwa Bibi Sauda na sahani iliyofunikwa kawa. Sikuona ndani mlikuwa na nini, lakini alikuwa ameishika kwa mikono miwili, na alitembea kama anayeogopa kumwaga.

Bibi Sauda aliishi juu yetu miaka mingi baada ya hapo, na amezikwa hukohuko juu, kando ya mumewe, kama alivyotaka. Ukingo wake bado una kaliandra; mbegu za kitalu changu chote cha kaliandra zimetoka pale, sijawahi kununua. Na dume yule alivaa manyoya yake, asante sana. Kioo nilimrudishia Bwana Mhina, akanirudishia mkononi, akasema kimeshapata mwenyewe. Kiko sebuleni, kwenye kabati la vioo, juu ya vile vigae, na hakishikwi na mtu.

Siku hizi mambo ni mepesi. Binti yangu anasoma chuo, analipigia jani picha kwa simu na simu inamtajia jina, tena la Kilatini. Mimi sibishi, mara nyingi inapatia, na nilimlipia simu hiyo mwenyewe. Ila nimemfundisha kutumia ukucha kwanza, kwa sababu mtandao milimani hukatika na ukucha haukatiki. Watu nao hawajabadilika kama simu zao. Mpaka leo wanasimama kitaluni kwangu, wamevaa vizuri, wanasema, "Mzee Athumani, nipe miche ya mradi." Nawaambia, mradi gani? Wanasema, mradi tu. Simuuzii mtu mpaka apitishe gumba kwenye kikonyo, aniambie amesikia nini. Wengine wananiita mjivuni. Ni kweli, na nina haki.

Lakini wakimaliza huwapeleka nyuma, kwenye mabanda, wawaone sungura. Wanainama, wanapiga makofi, wanasifu manyoya, wanasifu mpaka wanachoka, na wengi wao hawakumbuki kusema mashaallah. Zamani ungo ungesimama hewani. Mimi nawakaribisha chai. Wakishaondoka, naenda kukagua majani.